Seva ya Madokezo Ufipa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii ni ya katibu wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kule Laela, bwana shamba anayeteremka Mtowisa kila wiki, mwalimu wa sekondari Namanyere, na katekista wa Kate anayekusanya habari za koo. Wote ni watu wa kuandika. Wote wameshasikia kwamba madokezo yao yanaweza kukaa kwenye kompyuta yao wenyewe, palepale ofisini, badala ya kukaa kwa kampuni ya ng'ambo. Yanaweza. Lakini wengi watakaojaribu mwaka huu watakuwa wameacha kabla ya mavuno yajayo, na programu waliyoichagua haitakuwa na kosa lolote. Soma yote kabla hujanunua kitu. Masharti ni makali kwa makusudi: seva ikifa, fundi aliyeifunga hapotezi chochote. Anayepoteza ni mkulima ambaye idadi ya magunia yake ilikuwa humo.

Usianze na jina la programu.
Ukimuuliza kijana yeyote wa kompyuta atakumiminia majina: Joplin, Trilium, Memos, Outline, BookStack, Logseq, Obsidian, Nextcloud. Mwache amalize, kisha umuulize wewe: nani ataandika, akiwa wapi, na nani atasoma alichoandika? Asipokuwa na jibu, hana cha kukushauri. Mtu mmoja mwenye simu na laptopu ana shida moja tu, kuona maandishi yaleyale pande zote mbili. Ofisi ya watu wanane ina shida nyingine kabisa: nani aruhusiwe kufuta, nani aone madeni ya nani, na mzee wa bodi asiyependa skrini atasomaje.

Jiulize kama unahitaji seva.
Ukiwa peke yako, huihitaji. Weka mafaili ya maandishi matupu kwenye folda moja, kisha Syncthing iyahamishe kati ya simu na laptopu kila zinapokutana kwenye Wi-Fi moja. Syncthing haina kompyuta ya kati inayokaa na maandishi yako. Vifaa vyako vinaongea vyenyewe. Tahadhari mbili. Programu asili ya Syncthing ya Android iliachwa na watengenezaji wake Desemba 2024, kwa hiyo tafuta toleo lililoendelezwa na wengine, Syncthing-Fork. Na usihariri faili moja kwenye simu na kwenye laptopu kabla hazijaonana: utakuta mafaili mawili, moja limeandikwa sync-conflict, na kazi ya kuyalinganisha mstari kwa mstari ni yako.

Mwalimu wa Namanyere aishie hapa. Yanayofuata ni ya wanaoandika wakiwa kikundi.

Chagua programu kwa mlango wake wa kutokea.
Hakuna anayejenga kihenge chenye mlango wa kuingizia mahindi tu. Kwenye programu, hata hivyo, watu hufanya hivyo kila siku: wanatazama jinsi ilivyo rahisi kuingiza, hawaulizi watatoaje. Desemba 2023 kampuni ya Evernote iliwawekea watumiaji wake wa bure kikomo cha madokezo 50 na daftari moja. Waliokuwa na maelfu ya madokezo hawakufutiwa ya zamani, ila kuongeza jipya hata moja hawakuweza bila kulipa. Ndipo wengi walipouliza kwa mara ya kwanza namna ya kutoa maandishi yao mle.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hujaingiza kazi ya kweli, andika madokezo kumi ya majaribio: lenye picha, lenye jedwali, lenye kiungo cha kwenda kwenye dokezo jingine. Yatoe yote. Yafungue kwenye kompyuta ambayo haina programu hiyo. Yakisomeka, endelea. Yakitoka kama msitu wa alama, au picha zikabaki nyuma, ifute programu hiyo leo, wala usisikilize utetezi.

Kwa sababu hiyo naipendelea programu inayotunza maandishi kwa Markdown, mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004. Faili la Markdown ni maandishi matupu yenye alama chache, na hata kompyuta ya mwaka 2004 italifungua. Obsidian si programu huria, jambo ambalo wapenzi wa programu huria hawaisamehe. Lakini mafaili yake ni Markdown kwenye folda yako, na ikifa kesho hupotezi neno. Trilium ni huria kabisa, ila madokezo yake yamo ndani ya hifadhidata. Yanatoka, lakini ule mti wa madokezo ndani ya madokezo, ambao ndio uzuri wake, haukufuati wote. Kwa ofisi ndogo ya Ufipa mimi ningeiacha.

Soma leseni, hata kama inachosha.
Trilium hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Mwanzoni mwa 2024 aliyeianzisha alitangaza kwamba hataongeza mapya, atarekebisha kasoro tu. Kwa kuwa leseni iliruhusu, watu wengine waliichukua na kuiendeleza kwa jina la TriliumNext, na watumiaji hawakuachwa njia panda. Kwa leseni iliyofungwa, siku mwenyewe akichoka hakuna wa kupokea.

Usidanganywe na maneno "unaweza kuiendesha mwenyewe". Outline unaweza kuiendesha mwenyewe, lakini leseni yake si huria kamili, na inataka hifadhidata ya PostgreSQL, pamoja na Redis, pamoja na mfumo mwingine wa kuthibitisha watumiaji kabla mtu hajaandika herufi moja. Ni programu nzuri kwa kampuni yenye idara ya TEHAMA. Wewe huna idara ya TEHAMA, una kijana mmoja. Joplin nayo ina mtego wake: programu ya simu na ya kompyuta ni huria, ilhali seva yake rasmi, Joplin Server, imetolewa kwa matumizi binafsi. AMCOS si mtu binafsi. Ofisi itumie Joplin juu ya WebDAV, njia ya kawaida ya kuweka na kuchukua mafaili kwenye seva, au juu ya Nextcloud. Inafanya kazi vilevile, na hakuna wa kukuuliza.

Panga umeme kabla ya kupanga programu.
Hapa ndipo miongozo mingi ya mtandaoni inapomdanganya mtu wa Sumbawanga, kwa kuwa imeandikwa na watu ambao umeme kwao ni kama hewa. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia, kupitia Mbala, na majenereta ya dizeli ya kusaidia. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha Februari 2024, nchi ikapumua, lakini Rukwa ilikuwa bado haijaungwa kwenye gridi ya Taifa. Mwaka huohuo ukame ulishusha maji ya bwawa la Kariba na Zambia yenyewe ikawa inakata umeme kwa saa nyingi kwa siku. Mradi wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ndio wa kulimaliza jambo hili. Hata hivyo usijenge mfumo wako juu ya mradi wa mtu mwingine.

Nunua laptopu ya mtumba. Ndiyo, laptopu. ThinkPad ya miaka saba iliyopita, yenye betri inayoshika hata saa moja na nusu, ni seva na UPS kwa pamoja. Umeme ukikatika haitikisiki, na betri ikikaribia kuisha inajizima kwa utaratibu. Iwekee mfumo wa Debian, iagize isilale ukifunga mfuniko, na kama inaruhusu, zuia betri isijazwe zaidi ya asilimia 80 ili idumu. Ikague kila mwezi. Betri iliyovimba haitumiki hata siku moja zaidi.

Gharama usiiogope, ila ihesabu. Laptopu ya namna hiyo ikikaa bila kazi nzito hula wati 15 hivi. Kwa siku 30 ni uniti 11 kasoro kidogo. Ofisini hazifiki shilingi elfu nne na mia tano. Nyumbani kwenye tarifu ya uniti 75 ni habari nyingine: kama tayari unatumia 68, hizo 11 zitakuvusha, utahamishiwa tarifu ya juu, na familia nzima itajua ni nani aliyeleta hilo limashine. Bora ikae ofisini.

Baridi ya Ufipa ni msaada wa bure. Mji wa Sumbawanga uko juu, kama mita 1,800, na usiku wa Juni feni ya kompyuta haina kazi. Ukiwa Kirando au bondeni Rukwa hesabu ni tofauti: joto na vumbi vitaiua mapema, basi iinue kutoka sakafuni na uisafishe.

Usitumie kadi ya kumbukumbu kama diski ya seva.
Raspberry Pi ni kompyuta nzuri, inakula umeme kidogo kuliko balbu. Kadi yake ndogo, umeme ukikatika katikati ya kuandika, huharibika, na huharibika kimyakimya: inawaka kesho yake, inafungua, kisha unagundua nusu ya Machi haipo. Kama Pi ndiyo uliyo nayo, iwekee SSD na betri. Kama huwezi, iache.

Chomoa wakati wa radi.
Radi za Sumbawanga zina sifa nchi nzima, na watani wetu wa Dar wana maelezo yao kuhusu nani anazituma. Atumaye na atume. Waya wa umeme na waya wa ruta vyote vichomolewe mawingu yanapokusanyika, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kazi hiyo iwe na mwenyewe kwa jina. Stabilaiza ya elfu thelathini haizuii radi, hata muuzaji akiapa.

Chagua inayoandika bila mtandao.
Hili halina mjadala. Bwana shamba akishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni, mnara unamwacha njiani. Programu inayofunguka kwenye kivinjari tu, kama Memos au BookStack, itampa ukurasa mweupe wakati mkulima amesimama mbele yake anamweleza kuhusu viwavijeshi. Joplin inaandika kwenye simu yenyewe, kisha inapeleka seva atakaporudi Wi-Fi ya ofisi. Watu wawili wakigusa dokezo moja, inaliweka toleo la pili kwenye daftari la migongano badala ya kulifuta. Ni tabia ya kiungwana ambayo programu nyingi hazina.

Na usifikiri tatizo la mtandao ni la bondeni peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania nzima, kuanzia Masaki hadi Matai. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa siku kadhaa. Aliyekuwa na madokezo yake kwenye wingu la ng'ambo alikuwa hana madokezo. Aliyekuwa nayo kwenye laptopu ya ofisi aliendelea kusoma na kuandika, kwa sababu ruta haihitaji bando ili kuunganisha vifaa viwili vilivyo chumba kimoja.

Dogo lakini linasumbua: simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi isiyo na intaneti huihama zenyewe na kurudi kwenye data ya laini. Mfundishe kila mtu kuzima data akifika ofisini. Usipofanya hivyo utapigiwa simu kila Jumatatu kuambiwa seva imekufa.

Usiifungue seva kwa dunia.
Kijana atataka kuifungua ili "uipate popote". Kwanza hataweza kirahisi: laini za simu hukupa anwani mnayochangia na maelfu ya wateja wengine, kwa hiyo mtu wa nje hana njia ya kukubishia hodi. Pili, akifanikiwa kwa kupitia mtandao wa watu wa kati, atakuwa ameweka orodha ya wanachama wako mahali ambapo mashine za wezi hujaribu nywila usiku kucha. Ofisi ndogo inayokutana uso kwa uso haina sababu ya kufanya hivyo. Njoo ofisini, sawazisha, nenda zako.

Kama kweli mna matawi, moja Sumbawanga na jingine Kasanga, tumieni VPN, njia iliyosimbwa ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali, ya aina ya WireGuard, na muisajili. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili, ikatoa muda hadi Oktoba 30 mwaka huo. Jazeni fomu. Ni rahisi kuliko kumweleza afisa baadaye kwamba mlikuwa mnahamisha tu madokezo ya mbolea.

Weka nakala, na moja ikae mbali.
Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulikuwa na wateja waliokuwa na nakala, nazo zilikuwa kwenye eneo hilohilo. Septemba 26, 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na terabaiti 858 za hati za watumishi wa umma zikateketea, kwa kuwa mfumo ule haukuwa na nakala nje ya jengo. Hao wana mabilioni na wahandisi. Wewe una chumba kimoja chenye paa la bati.

Ufipa ina mfano wake, mkongwe kuliko hiyo yote. Wamisionari wa Afrika, walioipokea ngome ya Karema mwaka 1885 na kupanda hadi Ufipa, walikuwa wameagizwa na Kardinali Lavigerie kwamba kila misheni iandike shajara. Wakaandika: mvua, njaa, nani kabatizwa, nani kagombana na chifu. Sehemu za habari hizo zilitumwa makao makuu na kuchapwa kwenye jarida la shirika. Leo nyaraka zao zimehifadhiwa Roma, na mwanahistoria Kathleen Smythe alipoandika kitabu chake kuhusu familia za Kifipa za Nkasi, kilichotoka 2006, nyaraka za Roma zilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Nina mawazo mawili kuhusu jambo hili, na sitayapatanisha. Umbali ndio uliookoa maandishi yale. Mchwa wa Kirando hawasafiri hadi Italia. Na umbali huohuo ndio unaomfanya mjukuu wa mtu aliyetajwa mle ahitaji viza na Kifaransa ili asome babu yake alifanya nini. Basi nakala iende mbali, na asili ibaki hapa. Wala usikubali mpango wowote unaogeuza hayo mawili.

Kwa vitendo: nunua diski mbili za nje. Moja inakaa na seva, nyingine inakaa kata nyingine kabisa, kwa mwenyekiti au kwenye sefu ya parokia. Kila mwezi zinabadilishana. Diski inayosafiri kwenye basi iwe imesimbwa, kwa kuwa kitu cha kwanza kuibwa stendi ni kibegi kidogo kinachoonekana kina kitu cha thamani. Usinakili hifadhidata huku programu inaendelea kuandika. Isimamishe kwanza, au tumia amri yake ya kutoa nakala, la sivyo utakuwa na faili la ukubwa sahihi ambalo halifunguki. Na flashi si nakala. Flashi ni ya kupeleka nyimbo kwa fundi redio.

Nywila iandikwe kwenye karatasi.
Ndiyo, karatasi. Joplin ukiiwashia usimbaji, asiyejua nywila hasomi, na hiyo ni pamoja na wewe ukiisahau. Hakuna ofisi ya kwenda kulia. Iandikwe kwa herufi kubwa, ifungwe kwenye bahasha, isainiwe juu ya gundi na watu wawili. Kikundi chenye sanduku la akiba lenye kufuli tatu na washika funguo watatu tayari kina mahali pa kuiweka. Muiweke humo.

Usiandike ya watu ovyo.
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili. Orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku yenye majina, simu na namba za NIDA ni taarifa binafsi. Maelezo kwamba fulani hakulima msimu huu kwa sababu anaumwa, na anaumwa nini, ni taarifa nyeti. Kuwa na seva yako mwenyewe hakukuondolei wajibu huo. Kunauhamishia kwako wote. Zamani ungesema ni kosa la kampuni.

Kanuni ninayoishikilia: ugonjwa wa mtu, ugomvi wa ndoa na tuhuma za uchawi haviingii kwenye seva ya ofisi kwa namna yoyote. Mwandishi akiona lazima aandike, aandike tatizo la shamba aliache jina.

Usifanye programu ya madokezo kuwa daftari la fedha.
Hesabu za ushirika zina mfumo wake, MUVU, na mkaguzi wa COASCO hatakagua dokezo lako. Andika humo kwa nini mliamua, nani alipinga, mvua ilinyesha lini. Shilingi ziende zinakotakiwa.

Usiite kundi la WhatsApp kumbukumbu. Simu ya katibu ikianguka kisimani, kumbukumbu nayo imeanguka.

Usitupe kaunta buku. Muhtasari wa kikao usainiwe kwenye karatasi, kisha upigwe picha na kuingizwa. Mahakama ya mwanzo inajua saini, Markdown haiijui.

Zuia programu isijisasishe yenyewe.
Masasisho ya kujiendea hula bando, na siku moja huja na toleo linalotaka hifadhidata mpya wakati wewe uko shambani. Memos imewahi kubadili mambo makubwa kati ya toleo na toleo. Sasisha mara moja kwa miezi mitatu, ukiwa na nakala ya siku hiyo mkononi, na usome kwanza wameandika nini. Dosari za usalama pekee ndizo zisizosubiri.

Sasa chagua, na usirudi nyuma.
Mtu mmoja: mafaili matupu na Syncthing, au Obsidian juu ya folda hiyohiyo. Timu inayotembea mashambani: Joplin, ikisawazisha kwa WebDAV kwenye laptopu ya ofisi. Ofisi inayotaka miongozo, taratibu na majibu ya maswali yanayojirudia, isomwe na wengi na kuandikwa na wachache: BookStack, ambayo Mwingereza Dan Brown aliianza mwaka 2015. Inapanga kila kitu kwa rafu, kitabu, sura na ukurasa, na mzee wa bodi aliyekataa kompyuta miaka yote ataielewa kwa dakika chache kwa sababu amewahi kuona rafu. Nextcloud iwekeni kama mna haja ya kutunza na mafaili mengine. Kwa madokezo peke yake ni mzigo. Anayekuja mwezi ujao na jina jipya aliloliona kwenye video, mpe chai, mwagane.

Usiikabidhi seva kwa mtu mmoja.
Mwalimu hodari aliyeifunga atapata uhamisho kwenda Kagera, na barua itamfikia Ijumaa. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ataondoka wiki ya nane. Waiteni vijana, hata wa kampasi ya Rukwa ya chuo kikuu cha MUST, waifunge na kuwafundisha; lakini watunzaji wawe wawili, wote wakazi, na angalau mmoja asiwe mtu wa kompyuta. Huyo wa pili ndiye ataandika maelekezo, kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi mbili: kitufe cha kuwashia kiko wapi, bahasha iko kwa nani, diski ipi ni ya mwezi huu, ukiona maneno haya kwenye skrini fanya hivi. Maelekezo yakiandikwa na fundi mwenyewe hayasomeki. Yeye anaruka hatua ambazo kwake ni dhahiri.

Jaribu kurejesha, Julai, baada ya mavuno.
Zima seva. Mpe mtunzaji wa pili laptopu nyingine tupu, diski kutoka kwa mwenyekiti, bahasha na zile kurasa mbili. Mtunzaji wa kwanza atoke ofisini na azime simu. Hadi saa kumi jioni dokezo la mwezi uliotangulia liwe limesomeka kwenye laptopu hiyo mpya, na picha zake zionekane. Andikeni kila alipokwama, rekebisheni zile kurasa, na mrudie zoezi Oktoba, kabla ya mvua.